Chema Chajiuza? Mwandishi Mchuuzi na Fani ya Vitabu vya Kujichapishia

1. Utangulizi

Methali isemayo "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza" imetumiwa kwa muda mrefu kama hukumu juu ya kitabu ambacho mwandishi wake amekigharimia, amekipigisha chapa na kukizungusha mwenyewe kutoka duka hadi duka. Huchukuliwa kwamba kitabu chema hakikosi mchapishaji, na kwamba kilichomkosa lazima kina kasoro. Hukumu hiyo haiandikwi sana, lakini huonekana katika mambo matatu: orodha za vitabu vya kufundishia, rafu za maktaba za vyuo, na historia za fasihi ya Kiswahili ambazo, kwa sehemu kubwa, zimefuata katalogi za makampuni makubwa ya uchapishaji.

Makala haya yanakusudia kuichunguza hukumu hiyo kwa kuwatazama waandishi watatu wa Afrika Mashariki waliojichapishia kazi zao: Shaaban Robert wa Tanga, David Maillu wa Nairobi na Ben Mtobwa wa Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba uuzaji si jambo linalotukia baada ya kitabu kukamilika. Mwandishi ajuaye kwamba ndiye atakayemlipa mpiga chapa, na ndiye atakayebeba marobota, huanza kuuza tangu anapochagua jina la kitabu. Soko lake huacha alama katika fani na katika lugha, na alama hizo mhakiki anaweza kuzisoma kama asomavyo alama nyingine zozote za kifasihi.

2. Soko la Shule na Soko la Njiani

Kabla ya kukihukumu kitabu cha mchuuzi ni vyema kukumbuka jinsi kitabu cha mchapishaji kinavyouzwa. Katika Kenya, mapato ya wachapishaji wengi hutokana na shule. Riwaya ya Kiswahili inayoteuliwa kuwa kitabu teule hupata wanunuzi ambao hawakuichagua: mwanafunzi hana hiari ya kuikataa, na mzazi hana hiari ya kutoinunua. Mhariri wa kampuni anayajua hayo. Hupima mswada kwa jicho la kamati itakayoukagua, hushauri tukio la aibu lipunguzwe, hutaka funzo lijitokeze, na huhakikisha kwamba lugha haitoki nje ya Kiswahili sanifu. Hakuna ubaya wowote katika kuwafikiria wanafunzi. Lakini si kweli kwamba kitabu hicho kimeandikwa nje ya soko. Kimeandikiwa soko moja kubwa, lenye mnunuzi mmoja mwenye sauti.

Mwandishi anayejichapishia huingia katika soko la aina nyingine. Hulipa gharama ya karatasi na uchapaji kabla ya kupata hata senti moja. Akifika dukani, mwenye duka hupenda kupokea nakala kwa mali kauli, yaani alipe baada ya kuuza, na zisizouzwa arudishe. Kwa hiyo mtaji wa mwandishi hukaa katika rafu za watu wengine. Mchuuzi wa magazeti naye hukubali kukiweka kitabu mbele ya macho ya wapita njia ikiwa tu anaona kitaondoka upesi. Kila nakala inabidi imshinde msomaji peke yake, papo hapo, pengine kwa muda mfupi kuliko ule wa kungojea basi.

Tofauti hii ni ya msingi. Kitabu cha shule hakihitaji kumvutia anayekisoma, mradi kimempendeza anayekiidhinisha. Kitabu cha njiani hakina wa kukiidhinisha, na kwa hiyo hakina budi kumvutia anayekisoma. Mhakiki anayekiita cha pili "kitabu cha biashara" na cha kwanza "kitabu cha fasihi" hajatofautisha fasihi na biashara. Ametofautisha biashara mbili.

3. Tanga: Mtunzi Aliyekuwa na Wachapishaji

Mfano wa Shaaban Robert unatosha kuuvunja msingi wa hukumu iliyotajwa. Haiwezi kusemwa kwamba alijichapishia kwa kukosa mchapishaji. Hadi kufikia miaka ya 1950, Pambo la Lugha lilikuwa limekwisha tolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, Kusadikika ilikuwa imetolewa na kampuni ya Nelson mwaka 1951, na Adili na Nduguze na Macmillan mwaka 1952. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka hiyo vitabu vyake kadhaa vilitokea Tanga kwa jina la Art and Literature, shughuli yake mwenyewe ya uchapishaji. Miongoni mwake ni Insha na Mashairi ya mwaka 1959 na Almasi za Afrika ya mwaka 1960.

Yaliyomo katika vitabu hivyo yana maana kwa mada hii. Almasi za Afrika ilitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Uamuzi huo umezoeleka kuelezwa kama ishara ya mtunzi aliyetaka kuionyesha dunia utajiri wa lugha yake, na maelezo hayo ni sahihi. Lakini ni uamuzi wa kibiashara pia: kitabu kimoja kinawekwa mbele ya wasomaji wa lugha mbili. Insha na Mashairi nayo inaziweka tanzu mbili katika jalada moja, hivi kwamba msomaji asiyependa bahari za ushairi atapata nathari, na mpenzi wa ushairi hatakwenda mikono mitupu. Mambo hayo hayaipunguzii kazi hadhi. Yanaonyesha tu kwamba mtunzi alikuwa akimwona mnunuzi wake.

Lililo muhimu zaidi ni lile ambalo Shaaban Robert hakulifanya. Alipokuwa mchapishaji wa kazi zake hakuyaacha maadili, wala hakuirahisisha lugha ili amnase mpita njia. Sauti ya vitabu vya Tanga ni ile ile ya vitabu vya Nelson na Macmillan. Hili linatosha kuwajibu wanaodai kwamba kujichapishia humshusha mwandishi kwa lazima. Pamoja na hayo, upande wa pili wa mfano huu haufai kufichwa. Mtunzi alifariki mwaka 1962, na kazi zake zilienea mashuleni kote Afrika Mashariki baada ya kampuni ya Nelson kuzitoa katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban. Mkusanyo wa barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge, uliotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, ni ushahidi mwema kwa yeyote atakaye kujua maisha ya mtunzi huyu nje ya kurasa za vitabu vyake. Ubora wake haukujiuza wenyewe. Ulihitaji magari, maghala na orodha za shule.

4. Nairobi: Uhuru wa Lugha na Gharama Yake

David Maillu anajulikana kwa vitabu vyake vya Kiingereza, na hivyo anaweza kuonekana kuwa nje ya mipaka ya taaluma ya Kiswahili. Lakini hakuna mwandishi wa Kenya ambaye amelijaribu soko la njiani kwa ukamilifu kumzidi. Kupitia kampuni yake ya Comb Books alitoa Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, kisha After 4.30 mwaka 1974. Vitabu vilikuwa vidogo, vya kuchukulika mfukoni, na vilihusu karani, mlevi, bosi na mwandishi-mhutasari wa ofisini, watu ambao wanunuzi wa mjini waliwatambua mara moja. Wahakiki wengi wa vyuoni waliviona vya aibu. Wachache waliuliza ni vipi watu wasionunua mashairi walivyonunua My Dear Bottle na After 4.30, ambavyo vimetungwa kwa mistari ya kishairi. Jibu limo katika fani: mstari ni mfupi, sauti ni ya mtu anayezungumza, na msomaji anaweza kuanza popote. Hiyo ni fani iliyozaliwa na soko, na si kila chuo cha ushairi kinachoweza kujivunia kuwapata wasomaji wa namna hiyo.

Faida iliyo kubwa kwa wanaisimu ilikuja baadaye. Mwaka 1989 Maillu alitoa, kwa kampuni yake mpya ya Maillu Publishing House, Without Kiinua Mgongo, na mwaka 1990 Anayekukeep. Katika vitabu hivyo Kiswahili na Kiingereza vimechanganywa kama vinavyochanganywa vinywani mwa watu wa Nairobi. Jina la kitabu cha pili linastahili kuchanganuliwa darasani: kiambishi cha nafsi, cha wakati, kirejeshi na cha mtendwa vyote ni vya Kiswahili na viko katika mpangilio wake sahihi, lakini shina lililobebwa ni la Kiingereza. Katika jina la kitabu cha kwanza mambo yamegeuka: sentensi ni ya Kiingereza, lakini neno lenye uzito wa maisha ya mfanyakazi anayestaafu, kiinua mgongo, limebaki katika Kiswahili kwa kuwa ndimo linamouma. Ni vigumu kufikiri kwamba mhariri wa vitabu vya shule angeupitisha mswada wa namna hiyo. Aliyeupitisha ni mwandishi mwenyewe, kwa kuwa fedha zilikuwa zake. Kwa sababu hiyo taaluma imepata ushahidi wa maandishi juu ya hali ya lugha mjini mwishoni mwa miaka ya 1980, ushahidi ambao uchapishaji wa kawaida usingeutoa.

Kama ilivyo kwa mfano wa Tanga, gharama nayo itajwe. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya Comb Books. Kampuni kubwa ikifungiwa soko moja huegemea vitabu vyake vingine na nchi nyingine. Mwandishi mchapishaji hana pa kuegemea. Comb Books haikuimaliza miaka ya 1970 ikiwa na nguvu, na mwaka 1980 vitabu vya Maillu kama For Mbatha and Rabeka na The Equatorial Assignment vilitolewa na Macmillan katika mfululizo wa Pacesetters. Anayevisoma vitabu hivyo baada ya vile vya 1973 na 1974 hukuta mwandishi mwenye adabu zaidi na sauti isiyo kali kama ile ya kwanza. Mabadiliko hayo hayaelezeki kwa umri wake tu. Soko lilikuwa limebadilika, na fani ikalifuata.

5. Dar es Salaam: Shujaa kama Mtaji

Katika Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 mashirika yaliyotegemewa na waandishi yalidhoofika. East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilifikia mwisho wake pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilipatwa na matatizo ya uchumi yaliyoikumba nchi nzima, na karatasi ikawa adimu. Katika pengo hilo waliingia waandishi wenye makampuni yao wenyewe. Ben Mtobwa, mwandishi wa habari, alikuwa miongoni mwao. Kampuni yake ya Heko ilitoa riwaya kadhaa zikiwemo Tutarudi na Roho Zetu? ya mwaka 1987 na Dar es Salaam Usiku ya mwaka 1990.

Jina Tutarudi na Roho Zetu? lina alama ya kuuliza, na alama hiyo si pambo. Anayeliona jalada amekwisha kuulizwa swali kabla hajafungua ukurasa, na hakuna njia ya kupata jibu isipokuwa kununua. Vivyo hivyo shujaa Joram Kiango anayerudi katika kitabu baada ya kitabu ni mtaji. Msomaji aliyemfurahia mara moja hahitaji kushawishiwa upya. Jina la shujaa linafanya kazi ambayo kampuni kubwa ingeifanya kwa matangazo.

Hapa panahitaji tahadhari. Shujaa wa mfululizo hakubuniwa na waliojichapishia. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alianza katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotolewa mwaka 1960 na East African Literature Bureau, na Willy Gamba wa Elvis Musiba alitokea kwanza katika Kufa na Kupona, iliyotolewa na shirika hilo hilo mwaka 1974. Inavutia kuona kwamba Willy Gamba ni mpelelezi anayetumwa na serikali, hali Joram Kiango ni mpelelezi wa kujitegemea, na kudai kwamba kila shujaa amechukua sura ya mchapishaji wake. Lakini Bwana Msa naye hakutumwa na serikali, na alitolewa na shirika la umma. Dai hilo, basi, halisimami. Linalosimama ni dogo zaidi: kwa mwandishi wa kampuni shujaa wa mfululizo ni chaguo la kisanaa, na kwa mwandishi mchuuzi ni chaguo la kisanaa na bima kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ni vigumu zaidi kwake kumwua shujaa, kumzeesha au kumfanya ashindwe kabisa. Uhuru alioupata kwa kumwepuka mhariri, amemkopesha msomaji wake.

Dar es Salaam Usiku inaonyesha kwamba kifungo hicho si cha milele. Katika riwaya hii Mtobwa anaupisha mji wenyewe mahali pa shujaa, na usiku wake unakuwa njia ya kuyafunua maisha ya matajiri na mafukara kwa pamoja. Kitabu hicho hatimaye kilitolewa tena Nairobi na East African Educational Publishers, na kikatafsiriwa kwa Kiingereza. Yaani kitabu kilichoanza kwa kujitembeza ndicho kilichokuja kuchukuliwa na kampuni kubwa. Methali iliyotajwa mwanzoni haina nafasi kwa kitabu cha namna hiyo.

6. Suala la Mhariri

Shutuma moja dhidi ya vitabu hivi ina haki yake. Vingi vina makosa ya tahajia, uakifishaji wa kubahatisha, na visa vinavyojisahau katikati. Watetezi wa fasihi pendwa hudharau shutuma hii wakidai kwamba msomaji wa kawaida hajali. Utetezi huo ni wa hatari, kwa kuwa unamfanya msomaji wa kawaida kuwa mtu asiyestahili kazi safi.

Kosa limo katika kuunganisha mambo mawili yanayoweza kutenganishwa. Mchapishaji hutoa mtaji, na hutoa uhariri. Mwandishi anayejichapishia ameukataa, au ameukosa, mtaji wa mtu mwingine. Hakuna sababu ya kimaumbile ya kumfanya akose pia jicho la mtu mwingine. Mhariri anaweza kulipwa kama alipwavyo mpiga chapa. Anayeachwa bila kulipwa kwa kawaida ni mhariri, kwa sababu kazi yake haionekani juu ya jalada. Mhakiki, basi, asikilaumu kitabu kwa kutokuwa na mchapishaji. Akilaumu kwa kutokuwa na mhariri, na aonyeshe kurasa.

7. Soko la Simu

Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe Kenya mwaka 2007, malipo madogo yameweza kumfikia mwandishi bila kupitia duka. Waandishi wa Kiswahili, hasa Tanzania, wameitumia njia hiyo kuuza hadithi kwa sehemu: msomaji hutuma fedha kidogo, naye hupokea sura ya siku katika simu yake. Mali kauli imetoweka, kwa kuwa mnunuzi hulipa kwanza. Robota na ghala havihitajiki.

Athari yake katika fani inaonekana waziwazi. Zamani taharuki ilihitajika juu ya jalada na katika kurasa za mwanzo. Sasa inahitajika mwishoni mwa kila sehemu, kwa kuwa kila sehemu inauza ile inayofuata. Kisa hurefushwa maadamu wanunuzi wapo, na hukatizwa wanapopungua. Kwa mhakiki, tatizo kubwa ni la matini yenyewe: haina toleo, haina mwaka, na mara nyingi hunakiliwa na kusambazwa na watu wasiomlipa mwandishi wala kulihifadhi jina lake. Vitabu vya Comb Books na Heko vinaweza kupotea kwa kuchakaa. Hadithi ya simu hupotea pamoja na simu.

8. Hitimisho

Mifano mitatu iliyochunguzwa haithibitishi kwamba kitabu cha kujichapishia ni chema, wala kwamba ni kibaya. Inathibitisha kwamba kina masharti yake, na kwamba masharti hayo yanasomeka: katika tafsiri iliyoambatishwa Tanga, katika mistari mifupi na lugha mchanganyiko ya Nairobi, katika alama ya kuuliza ya Dar es Salaam. Uhakiki usioyajua masharti hayo hukisifu kitabu kwa sababu ya nembo iliyo mgongoni mwake, au hukikataa kwa sababu hiyo hiyo.

Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili inaanza kabla ya uhakiki. Vitabu vilivyochapwa katika vyumba vya River Road na kuuzwa Kariakoo havimo katika maktaba nyingi za vyuo, na nakala zilizobaki zimo majumbani mwa watu ambao hawajaombwa kuzitoa. Nakala hizo zikusanywe. Jina la mpiga chapa, bei, mwaka na idadi ya matoleo viandikwe palipo na ushahidi. Waandishi walio hai wahojiwe kuhusu hesabu zao kama wanavyohojiwa kuhusu dhamira zao. Wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta mada mpya katika waandishi wale wale wa kila mwaka wanaweza kupewa kazi hiyo. Bila hivyo, historia ya fasihi ya Kiswahili itaendelea kuwa historia ya vitabu ambavyo makampuni yalikubali kuvitoa, na wasomaji waliotoa fedha zao wenyewe kwa hiari yao wenyewe hawatakuwa na ukurasa ndani yake.